Sauti Iliyokwenda Matamba

"Andika tu kwamba nilisoma vibaya, afande. Nitie sahihi, yaishe."

Emilia aliyasema hayo bila kuinua uso. Alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha upelelezi, kituo cha polisi Njombe, kajifunga kanga mbili na juu yake sweta la mumewe, na bado alitetemeka. Ukungu wa Machi ulikuwa umeshuka mpaka dirishani, hata bendera ya uani haikuonekana. Inspekta Janeth Mtewele alimtazama kidogo, kisha akaiweka kalamu chini.

"Yaishe vipi, dada? Ukitia sahihi hapa hayaishi, ndiyo yanaanza. Kesho asubuhi unapandishwa mahakamani, na kesi ya mauaji haina dhamana. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na kesho hiyo hiyo baba mkwe wako anazikwa."

"Nalijua pia," Emilia alisema, akijivutia sweta.

Koplo Laurenti, aliyekuwa kwenye kompyuta akichapa maelezo, aligeuka akamkonyeza mkubwa wake kama anayesema, si unaona? Kwa Laurenti jambo hili lilikuwa limeshaisha tangu jana. Kijana huyu wa Kikinga alikuwa na bidii ya kazi, na alipenda jalada lililofungwa kama wengine wanavyopenda nyama choma.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mzee Sadock Mwalongo wa Yakobi, mkulima wa viazi na maparachichi, alikuwa akisumbuliwa na kifua. Mkwewe Emilia ndiye aliyemuuguza, kwa kuwa mume wa Emilia, Enoki, anafanya kazi ya ulinzi huko Liganga, na mke wa mzee alikuwa amekwenda Matamba kumwangalia binti yake Peace katika uzazi. Juzi saa nne asubuhi, baada ya uji, Emilia alimmiminia mzee dawa ya kifua. Kabla ya adhuhuri mzee alikuwa maiti. Kilichokuwa ndani ya kikombe kilikuwa sumu ya kupulizia viazi.

Sumu na dawa vilikuja katika mfuko mmoja, kwa basi, kutoka Makambako. Alivituma Ambrose, mtoto mkubwa wa mzee, mwenye duka la pembejeo mjini hapo. Na vyote viwili vilikuwa kwenye chupa ndogo za maji ya kunywa. Ndivyo tulivyo watu wa huku! Mwenye robo ekari ya viazi hanunui galoni zima la sumu, anapimiwa, na chupa ya kupimia ni yoyote iliyo karibu. Mganga anayechemsha dawa za kifua naye anatumia chupa hizo hizo. Maji ya kahawia huku, maji ya kahawia kule. Tofauti ilikuwa kifuniko tu, kimoja chekundu, kingine cha bluu.

Ndiyo maana Ambrose aliandika ujumbe kwenye kundi la wasapu la familia. Laurenti alikuwa ameusoma mara nyingi mpaka ameukariri: *Mfuko niliupakia kwenye basi la alfajiri. Chupa ya kifuniko chekundu ni dawa ya baba. Ya bluu ni ya viazi, iwekeni mbali.* Chini yake Emilia amejibu: *Asante kaka, nimeona.*

Kisha akampa mzee ya bluu.

"Majirani wanasema alikuwa akinung'unika kuuguza," Laurenti alisema, akiigeuza kompyuta ili Janeth aone. "Mmoja amemsikia akisema amechoka. Afande, ujumbe umemwambia nyekundu, amejibu nimeona, amempa bluu. Tunataka nini tena?"

"Nani asiyechoka kuuguza?" Janeth alimjibu. "Lete hiyo simu."

Simu ya Emilia ilikuwa ndogo, kioo kimepasuka pembeni, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki wa vielelezo. Janeth aliufungua ule ujumbe akausogeza karibu na macho. Pembeni ya saa, kwa maandishi madogo ya kijivu ambayo mtu huyapita kama anavyopita jiwe la barabarani, palikuwa na neno moja: *imehaririwa*.

"Hili uliliona?"

"Nililiona," Laurenti alijitetea haraka. "Nikampigia Ambrose. Anasema aliandika haraka haraka, herufi zikarukana, akazinyoosha. Mimi mwenyewe nanyoosha kila siku, afande. Vidole vyangu vinene."

Janeth alichukua simu yake mwenyewe, akaandika kitu, akatuma. Simu ya Laurenti ikalia mezani.

"Soma."

"*Chai yako iko mezani,*" Laurenti alisoma, akatazama mezani. Kweli, kikombe kilikuwepo. "Asante, afande. Sasa...?"

"Iweke chini. Endelea kuchapa."

Laurenti akaendelea kuchapa, anashangaa. Janeth akabonyeza tena simu yake, bila haraka, kisha akakinyakua kile kikombe na kukinywa chote, mbele ya macho ya koplo wake.

"Afande! Chai yangu!"

"Nimekuambia kwa maandishi. Hukusoma?"

Laurenti aliichukua simu. Haikuwa imelia, haikuwa imetikisika, hapakuwa na ujumbe mpya. Alifungua ule wa kwanza, akaachama. Pale pale, saa ile ile, palikuwa pameandikwa: *Chai yako nimeinywa.*

"Jamani," alisema taratibu. "Jamani, jamani. Yale ya kwanza yako wapi?"

"Hayapo. Si kwako, si kwangu. Mwenye kuandika anapewa robo saa ya kubadilisha maneno yake, na aliyekwishasoma simu haimwiti tena. Ukienda mahakamani leo ukaapa nilikuambia chai iko mezani, utaonekana mwongo."

Laurenti aliishika ile simu kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga. Alikuwa akiitumia kila siku kutumiana vichekesho na wenzake wa kwaya ya Wakatoliki, kumbe kulikuwa na jambo kubwa namna hii ndani yake! Hata Janeth, aliyelijua, alihisi mwili ukimsisimka. Maneno aliyokwisha kuyasoma mtu yanaweza kugeuzwa huku amekwenda kukoroga uji, na akirudi anakuta yeye ndiye aliyekosea.

Aliburuta kiti akakaa karibu kabisa na Emilia.

"Dada. Ulisoma nini siku ile?"

"Sijui."

"Unajua."

Emilia alifumba macho. "Nilisoma bluu. Bluu ya baba. Niliisoma hivyo, naapa mbele ya Mungu. Lakini mwanao huyu," alimwelekezea kidole Laurenti, ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yake, "ameniwekea simu mbele ya uso, na imeandikwa nyekundu. Simu yangu mwenyewe! Nimelala humu nikijiuliza ni macho gani haya. Sasa nimekubali. Mtu akibishana na maandishi ni mwendawazimu."

"Ulipomaliza kusoma ulifanya nini?"

"Basi lilikuwa limeshafika. Nikaenda kuchukua mfuko stendi, hapo jirani, nikarudi, nikakoroga uji..."

"Pole pole. Kabla ya uji."

"Kabla ya uji nilimsomea mama."

"Mama yupi?"

"Mama Avelina, mama mkwe. Hajui kusoma, na kule Matamba wanaongea Kikinga, Peace mwenyewe yuko kitandani, hana wa kumsomea. Tena ni miaka sasa, hata akiwa shambani tu, kila neno linaloingia kundini mimi namsomea kwa Kibena, kwa sauti, namtumia. Alisema hataki kuyasikia mambo ya nyumba yake kwa watu wa njiani."

"Na ujumbe huu ulimsomea?"

"Huu nao. Nilipofungua mfuko."

"Sauti hiyo iko wapi?"

"Nimeifuta. Simu hii hujaa upesi, afande. Nikishamtumia mama sauti, naifuta upande wangu."

"Upande wako tu?"

"Upande wangu tu."

Laurenti alikuwa ameacha kuchapa. Janeth alisimama, akachukua koti lake msumarini.

"Emilia, siku mbili umekaa humu. Mbona hukulisema?"

Mwanamke alimtazama kwa mara ya kwanza, wala si kwa hasira. "Hamkuniuliza nilifanya nini. Kila aliyekuja aliniuliza kwa nini."

*

Yakobi walikuta turubai limefungwa uani na wanaume wamezunguka moto. Enoki alikuwa pembeni anapasua kuni, gogo baada ya gogo, hamwangalii mtu. Alikuwa amerudi kutoka Liganga tangu juzi na hajafika kituoni kumwona mkewe hata mara moja. Alipoliona gari la polisi alisita, shoka likiwa juu, kisha akaendelea.

"Kaka yako yuko wapi?" Janeth alimuuliza.

"Ambrose? Amekwenda Makambako kufuata jeneza. Kwa fundi Romani."

Ndani, Mama Avelina alikuwa amekaa chini kwenye godoro, mgongo ukutani, akina mama wamemzunguka. Janeth alivua viatu mlangoni, akapiga goti.

"Kamwene, mama. Shikamoo. Pole sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa." Mjane alimkagua kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe si mtoto wa Mtewele wa Uwemba? Kumbe ndio unawafunga watu."

"Nawafunga na kuwafungua, mama. Leo nimekuja kuomba kusikiliza simu yako."

Waliongea Kibena, na Laurenti alibaki amesimama mlangoni kama mgeni wa harusi asiyemjua bwana wala bibi. Mama Avelina hakuuliza mengi. Aliingiza mkono chini ya kitenge akatoa simu yenye joto la mwili wake, akampa.

Janeth alifungua mazungumzo yake na Emilia, akaanza kupandisha juu kwa kidole. Akapandisha. Akapandisha. Kidole kilichoka kabla sauti hazijaisha. Hapakuwa na neno hata moja la maandishi, ni sauti tu, zimepangana kutoka mwaka huu hadi uliopita hadi wa nyuma yake.

"Mama, hujawahi kufuta?"

"Nifute nini? Hiyo ni sauti ya mkwe wangu. Ipo siku aliyonisomea habari za baridi iliyounguza viazi. Ipo aliyonisomea mtoto wa Peace amezaliwa kabla sijamwona, nami nikiwa huko huko Matamba, chumba cha pili." Alitabasamu kidogo, tabasamu likakatika. "Hii ya mwisho sijaisikiliza tena. Wameniambia alisoma vibaya, nami nikaamini. Naogopa."

Janeth aliitazama ile simu mkononi. Kazi yake ilikuwa imempitisha kwenye kabati za chuma, maghala ya vielelezo na majalada yenye vumbi, lakini hajawahi kuona hifadhi kama hii. Familia nzima ilikuwa imelala humo, mavuno na homa na mahubiri, chini ya kitenge cha mama asiyejua herufi moja.

"Naomba niisikilize mimi. Nikiisikiliza hapa, wote watasikia."

"Wasikie," mama alisema.

Janeth akabonyeza.

Sauti ya Emilia ilitoka, changamfu, nyuma yake jogoo anawika. Alimsalimu mama, akamuuliza mtoto ameamkaje. Kisha akasoma. Janeth aliyarudia maneno kwa Kiswahili, moja moja, ili Laurenti ayaandike.

"'Kaka Ambrose ameandika. Mfuko umeshafika, ninao. Anasema ya kifuniko cha bluu ni dawa ya baba. Nyekundu ni ya viazi, tuiweke mbali.'"

Mwanamke mmoja karibu na dirisha alishika mdomo. Mwingine akasema, "Yesu wangu."

"Inaendelea," Janeth alisema, mkono umeinuliwa. "'Mama, nimeifungua hiyo ya bluu, harufu imenipiga puani. Sijui. Hata ile ya mwezi uliopita ilinuka. Naomba umuulize kaka kama ndiyo yenyewe. Mimi naona aibu kumuuliza.'"

Laurenti aliinua kichwa. "Aibu gani? Si angempigia tu?"

Mama Avelina alimgeukia, akamjibu kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Nyumba hii, mke wa mdogo hamhoji kaka mkubwa wa mume wake. Kama baba mkwe. Akiwa na neno, linapitia kwangu. Ndivyo nilivyomfundisha mimi mwenyewe, na yeye alifuata."

"Na wewe, mama, ulimuuliza Ambrose?"

"Nilimuuliza hapo hapo."

Janeth alifungua mazungumzo ya pili. Ambrose alikuwa mtu wa kujificha, ilionekana wazi. Hapakuwa na picha, hapakuwa na saa ya mwisho aliyokuwepo, na ujumbe wowote aliotumiwa ulibaki na tiki mbili za kijivu, hata kama ameusoma na kuucheka.

"Huyu alizima kila kitu," mama alisema. "Aliniambia wateja wanamsumbua, wakijua yupo hawamwachi alale. Basi siku hizi sijui kama mwanangu yupo au hayupo."

Lakini sauti ya mama ilikuwepo, fupi, ya asubuhi ile. Janeth aliisikiliza. Ilikuwa sentensi moja tu: *Ambrose mwanangu, Emilia anasema ya bluu ndiyo ya baba yako, nayo inanuka sana, ni kweli ndiyo yenyewe?*

Na ile alama ya maiki iliyo pembeni ya sauti, ambayo kwa kawaida ni ya kijivu, ilikuwa ya bluu.

Janeth alikaa chini kabisa, sakafuni. Alikuwa akijua jambo hili kama unavyojua kitu ambacho hutegemei kukihitaji. Mtu anaweza kuficha sura yake, akaficha saa zake, akazima tiki zake. Sauti haifichiki. Ukishaisikiliza, aliyekutumia ataona. Alibonyeza juu ya ule ujumbe, akaomba maelezo yake, na simu ikamwonyesha bila hiyana: imesikilizwa saa mbili na nusu asubuhi.

Mzee alikunywa saa nne.

"Laurenti," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo uone. Piga picha kila kitu, saa zote zionekane."

Laurenti aliinama, akaona, akanyooka polepole. Saa nzima na nusu. Mtu aliyeandika makosa, akayajua, akayarekebisha, kisha akasikia kwa masikio yake kwamba makosa yale tayari yameshasomwa na chupa imeshafunguliwa, alikuwa na saa nzima na nusu na simu mkononi.

"Alikujibu nini, mama?"

"Hakujibu. Nikasema moyoni, kama ingekuwa si yenyewe angeniambia. Nikamtumia Emilia sauti: mpe." Mama Avelina alikuwa akiitazama ile maiki. "Mwanangu. Hiyo bluu maana yake nini?"

Akina mama waliinamisha vichwa. Janeth alijua angeweza kusema tutaangalia, au uchunguzi unaendelea, maneno ambayo polisi huyaweka mfukoni kwa siku kama hizi. Alimtazama mjane machoni akaona maneno hayo hayana pa kuingia.

"Maana yake alikusikia, mama."

Nje shoka la Enoki liliendelea. Mama Avelina aliweka viganja sakafuni na kuanza kusimama.

"Nipeni viatu vyangu."

"Mama Ambrose, haiwezekani!" mwanamke wa dirishani alimshika kitenge. "Mjane hatoki kabla ya kuzika. Tangu lini?"

"Tangu leo. Mniachie."

Walimwachia. Alipita mlangoni, akapita kati ya wanaume waliokuwa wakiota moto, nao wakainuka mmoja mmoja kama kanisani, hakuna aliyethubutu kumuuliza. Janeth alifuata nyuma. Kwa taratibu za kazi alipaswa kumzuia. Hakumzuia. Enoki peke yake ndiye aliyesogea, shoka mkononi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Mkeo hakukosea kusoma," mama alimwambia akipita. "Tupa hilo shoka uvae shati, ukamsubiri kituoni."

*

Makambako jua lilikuwa limetoka, na malori ya kwenda Songea yalikuwa yamejipanga kando ya barabara. Karakana ya fundi Romani ilikuwa nyuma ya uwanja wa mbao. Jeneza la Mzee Sadock lilikuwa juu ya meza mbili, limeshapigwa vanishi, na Ambrose alikuwa ameinama anajaribu vishikio. Alikuwa mtu mnene, amevaa suti nyeusi, macho yamevimba kwa kulia. Kulia kwenyewe kulikuwa kwa kweli, Janeth aliliona hilo mara moja, na likamshangaza.

Alikuwa amemwacha mama garini na Laurenti. "Nipe nafasi kwanza," alimwomba, na mama akakubali.

"Inspekta," Ambrose alisema. "Mmeshamaliza na yule mwanamke?"

"Karibu tunamaliza. Nina swali dogo. Ule ujumbe wa chupa ulirekebisha nini?"

"Nilimwambia koplo. Herufi."

"Herufi zipi?"

"Sasa nitakumbuka? Nina wateja, nina simu, nina mizigo ya kupakia."

"Ulipoandika mara ya kwanza, ya baba ilikuwa ipi?"

"Nyekundu." Alijibu upesi mno. "Nyekundu tangu mwanzo."

Janeth alitoa simu yake. Laurenti alikuwa amemtumia nakala. Akabonyeza, na sauti ya Emilia ikajaa ile karakana, pamoja na jogoo wake. Fundi Romani aliacha kupiga msasa. Ambrose alisikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa juu ya jeneza.

"Amesoma vibaya," alisema. "Shule yenyewe aliishia darasa la saba."

"Alisoma dakika chache baada ya wewe kuandika, akasoma neno kwa neno, mpaka 'iwekeni mbali'. Akosee rangi tu?"

Ambrose alijifuta uso kwa leso. "Haya. Haya, Inspekta. Nilikosea, nikageuza rangi. Nilikuwa na haraka. Nilipoona nimekosea nikarekebisha papo hapo. Nilijua ataona! Je, kukosea ni kosa la jinai?"

"Hapana. Ungeniambia hivyo juzi ningekupa pole. Mtu akigundua ameandika sumu mahali pa dawa hupiga simu, hupiga kelele, huazima pikipiki. Wewe ulirekebisha maandishi ukanyamaza."

"Nilidhani imetosha."

"Mpaka saa ngapi ulidhani imetosha?"

Ambrose aliikunja leso mara nne.

"Mama yako alikuuliza."

"Sikumsikia. Sauti ilikuja, sikuifungua, duka lilikuwa na watu. Hata tiki utaona ni za kijivu."

"Tiki ni za kijivu," Janeth alikubali. Akamgeuzia kioo, akamwonyesha ile picha: maiki ya bluu, na chini yake, saa.

Ambrose aliitazama. Alikuwa amefunga milango yote ya nyumba yake, sasa ameonyeshwa ule aliousahau. Janeth alidhani atasema simu zina hitilafu, na kweli alifungua mdomo kusema hivyo hivyo.

"Hizi simu, Inspekta, saa nyingine zina—"

"Ulinisikia?"

Mama Avelina alikuwa amesimama kwenye lango la karakana. Hakungoja kuitwa. Laurenti alikuwa nyuma yake, mikono imeinuliwa kidogo, kama anayesema, ningemzuia vipi?

Ambrose alirudi nyuma hatua moja. Kumwona mjane nje ya nyumba ya msiba, tena Makambako, peupe, kulimshtua kuliko pingu.

"Mama, umetokaje? Watu watasemaje?"

"Nimekuuliza. Ulinisikia?"

Lori lilipita, likatokomea. Fundi Romani alikuwa ameshavua kofia.

"Nilikusikia, mama."

Janeth aliona mabega ya yule mama yakishuka, kidogo tu.

"Nilikosea kweli," Ambrose alisema, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. "Mwanzo nilikosea. Nikarekebisha, nikatulia. Halafu sauti yako ikaja. Nikashika simu nimpigie Emilia. Namba yake ilikuwa hapa, mbele yangu. Nikakumbuka jinsi baba alivyosema mbele ya wazee kwamba shamba la maparachichi ni la Enoki na mkewe, kwa kuwa wao ndio wanaomuuguza. Mimi mkubwa! Nikasema nitapiga baadaye kidogo. Akaja mteja. Nikamhudumia. Nikasema, kidogo tena."

Janeth hakujua kama aamini lile la mwanzo. Pengine alikosea kweli, pengine sivyo, na hilo litaulizwa na wengine. Alilolijua ni kwamba amekaa miaka mingi akitafuta kisu, panga, kamba, na sasa amesimama mbele ya mauaji ambayo mtu hakuinua hata kidole. Alitoa pingu, akamfunga, akamsomea haki zake.

Mama Avelina aliyasikiliza yote hadi mwisho. Hakupiga yowe, hakumlaani. Alikwenda taratibu mpaka kwenye jeneza, akapitisha kiganja juu ya mfuniko, akakagua kama vanishi imekauka.

"Mwanangu," alimwambia Janeth, "Emilia anatoka leo?"

"Leo hii, mama. Nikifika tu."

"Vizuri. Kesho atatembea mbele pamoja nami. Asiyetaka kumwona huko mbele abaki kwake." Akamgeukia fundi. "Tumeridhika na kazi yako. Tunapakia."

Romani na Laurenti walishika upande wa miguu. Upande wa kichwa, ambao kwa watu wa nyumba ile hushikwa na mtoto wa kwanza, ulibaki hauna mtu. Laurenti alitazama huku na huku amtafute wa kumsaidia.

"Mama," Ambrose aliita, mikono imefungwa mbele yake. "Na mimi kesho? Nitamzika baba?"

"Wewe mbebe sasa," mama alisema. "Kesho hutakuwepo."

Hapakuwa na kanuni iliyoruhusu jambo hilo. Janeth alitoa ufunguo, akamfungua pingu, akasimama kando ili apite.